Sura ya Saba: Leza, Sikio na Pumzi ya Mzamiaji

Kwa mzamiaji wa Chovae, pumzi ndiyo mtaji. Anayeshuka mwambani kutafuta kamba hana mtungi wa hewa mgongoni. Ana miwani yake, mikono yake na kifua chake. Kazi yote huifanya ndani ya pumzi moja: kulitafuta pango, kuziona sharubu za kamba zikichungulia, kumtoa asikatike, kisha kurudi juu. Asiyekuwa na pumzi hurudi mikono mitupu, na kamba amemwona kwa macho yake.

Sigara inaila pumzi hiyo. Moshi wa tumbaku una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Chembe iliyokwisha kushikwa na gesi hiyo haibebi oksijeni. Mvutaji wa kila siku, basi, hushuka majini huku sehemu ya damu yake haimfanyii kazi. Jambo la kufurahisha ni kwamba hasara hii ndiyo ya kwanza kuondoka: mtu akiacha kuvuta, gesi hiyo humtoka mwilini ndani ya siku moja au mbili.

Kwa hiyo mtu wa pwani yetu anayetamka kwamba anataka kuacha sigara anastahili mambo mawili: kuonyeshwa njia inayofaa, na kuambiwa ukweli kuhusu njia isiyofaa. Sura hii inaichunguza njia moja inayotangazwa kwa maneno matamu, yaani tiba ya leza: miale ya mwanga inayoelekezwa sikioni na mkononi ili kuikata hamu ya sigara.

Kwa nini tuizungumzie Chovae, kisiwa kidogo katika msururu wa Visiwa vya Bajuni, kusini ya Kismayo, jirani na Koyama na Chula? Kwa sababu watu wa Chovae hawako Chovae peke yake. Vita vya 1991 viliwatoa Wabajuni visiwani, wakashuka kwa vyombo hadi pwani ya Kenya. Wengi waliishi katika kambi ya Jomvu, Mombasa, na baadaye wako waliofika Uingereza na nchi nyingine za mbali. Katika nchi hizo leza inauzwa kama huduma ya kawaida, na tangazo la huko halihitaji mashua kufika huku. Kijana aliye ughaibuni huliona kwenye simu, akamtumia babake au mjomba wake na kumwambia: hii hapa, nitakulipia.

Ndani ya chumba cha leza

Anayekwenda kutibiwa huketishwa kwenye kiti cha kuegemea na kuvishwa miwani ya kukinga macho. Mhudumu hushika kifaa chembamba kama kalamu ambacho ncha yake hutoa mwanga mwekundu, au mwanga usioonekana kabisa. Nguvu yake ni ndogo sana, inapimwa kwa miliwati. Ndiyo sababu huitwa leza baridi. Haikati, haichomi, na aghlabu mtu hasikii chochote. Mhudumu huigusisha ncha hiyo kwenye sikio, pembeni mwa pua, kwenye kifundo cha mkono na kati ya vidole, kila mahali kwa muda mfupi. Kwa jumla haizidi saa moja.

Kuna maneno pia. Mteja huulizwa alianza kuvuta lini, anavuta ngapi kwa siku, anavuta akiwa na nani na kwa nini anataka kuacha. Huambiwa aje na nia iliyokatika, azitupe sigara zote alizobaki nazo, anywe maji kwa wingi, na asikanyage vijiwe vya wavutaji kwa siku kadhaa. Kisha hulipa, na malipo yake si haba. Mengi ya matangazo huahidi kwamba asilimia 80 au 90 ya wateja huondoka wameacha.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwanga huziamsha neva, neva zikauamuru ubongo utoe endofini, kemikali za mwili zenyewe za kutuliza maumivu na kuleta raha, na endofini hizo zikajaza pengo lililoachwa na nikotini.

Wazo lilikotoka

Tiba hii ina asili tatu. Ya kwanza ni sikio. Katika miaka ya 1950 daktari Mfaransa Paul Nogier, wa mji wa Lyon, aliona wagonjwa wenye makovu ya kuchomwa sikioni. Mganga wa kienyeji alikuwa amewachoma hapo kutibu maumivu ya mgongo na mguu, nao wakasema wamepata nafuu. Tiba ya kuchoma kwa chuma cha moto si ngeni kwa watu wa Somalia. Nogier aliifuatilia, akachora ramani ya sikio iliyodai kwamba kila kiungo cha mwili kina mahali pake hapo.

Asili ya pili ni sindano ya Kichina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari wa upasuaji wa Hong Kong, H. L. Wen, alikuwa akijaribu sindano zenye umeme hafifu kama njia ya kutuliza maumivu ya upasuaji. Mgonjwa mmoja, mraibu wa afyuni, alimwambia kwamba arosto yake, yaani mateso ya kuikosa afyuni, imetulia. Wen akaendelea na wengine, na mwaka 1973 akachapisha taarifa ya wagonjwa 40. Kutoka hapo sindano za sikio zikaenea Marekani na Ulaya, kwanza kwa waraibu wa heroini, kisha kwa wavutaji sigara.

Ya tatu ni leza yenyewe. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani huko Marekani mwaka 1960. Miaka michache baadaye, mjini Budapest, daktari Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa, akaona manyoya yao yanaota upesi zaidi kuliko ya wale wasiomulikwa. Ndipo likaja wazo kwamba mwanga hafifu unaweza kuuamsha mwili. Asili hizo tatu zilipounganishwa, sindano ikaondoka na mwanga ukakaa mahali pake: hakuna maumivu, hakuna damu, hakuna hofu ya kuambukizwa.

Hiyo si historia ya utapeli. Nogier, Wen na Mester walikuwa madaktari waliotazama kwa makini na kuandika walichokiona. Lakini kuona jambo kwa wagonjwa wachache ni mwanzo wa swali. Jibu linatafutwa kwa njia nyingine.

Ilipopimwa

Leza ina sifa moja inayorahisisha kazi ya kuipima: mtu hasikii kama imewashwa au imezimwa. Kwa hiyo wavutaji waliokubali kushiriki wanaweza kugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Wote wataketi kwenye kiti kilekile, wataulizwa maswali yaleyale, watavishwa miwani ileile na kuguswa mahali palepale. Kundi moja mashine inatoa mwanga, jingine haitoi. Kama nguvu iko kwenye mwanga, kundi la kwanza litaacha sigara kwa wingi zaidi, na miezi 6 baadaye tofauti itakuwa bado ipo.

Mwaka 2014 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba kutoka duniani kote na kuyapima kwa pamoja, ilitoa tathmini yake kuhusu sindano za Kichina na tiba za jamii yake katika kuacha sigara. Ilihusisha tafiti 38. Kwa sindano, kulionekana nafuu ndogo katika wiki za mwanzo, lakini baada ya miezi haikuthibitika kwamba sindano ya kweli inaishinda sindano bandia. Kwa leza, majaribio yalikuwa machache na majibu yake hayakulingana. Hitimisho likawa kwamba hakuna ushahidi thabiti usiotiliwa shaka kuwa tiba hizi zinamsaidia mtu kuacha kwa muda mrefu. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani nayo haijaidhinisha kifaa cha leza kiuzwe kama tiba ya kuacha sigara.

Leza hii haimdhuru mtu, ilimradi macho yamekingwa. Madhara yake ni ya aina nyingine. Mtu huja na nia ambayo huenda ilimchukua miaka kuikusanya, akaitumia pamoja na fedha zake kwa kitu kisichothibitika. Akirudia kuvuta baada ya wiki tatu, haambiwi kwamba tiba ndiyo dhaifu. Hujilaumu mwenyewe, akaamini kwamba yeye ni wa kufa na sigara yake.

Basi mbona wapo walioacha?

Wapo, na hawasemi uongo. Ukimsikia mtu akiapa kwamba leza ilimwachisha, usimbishie. Itazame safari yake yote. Alichagua siku. Alizitupa sigara. Alikaa na mtu mzima aliyemsikiliza kwa muda mrefu bila kumkemea. Aliepuka vijiwe. Alitoa fedha, na fedha iliyotolewa inamfunga mtu na neno lake. Mambo hayo yote yanasaidia, na mengi kati yake ndiyo hasa wataalamu wa kuachisha sigara wanayoyafanya. Mwanga ulikuwepo, lakini kazi ilifanywa na hayo mengine.

Kuna pia suala la hesabu. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha kwa nguvu zao peke yao, watakaokuwa bado hawajavuta baada ya miezi 6 hadi 12 ni 3 hadi 5. Lakini ukiwauliza baada ya siku chache tu, wengi zaidi watakuambia wameacha. Tangazo linalotaja asilimia 90 halisemi limeuliza lini, wala kama liliwatafuta wale wasiorudi. Kwa hiyo muuzaji wa leza aulizwe maswali matatu: mliwauliza wateja wenu baada ya muda gani? Mliwapima pumzi, au mliwaamini kwa maneno? Na wale ambao hamkuwapata mliwahesabu upande gani?

Kipimo cha pumzi chenyewe ni kitu rahisi. Katika vituo vya kuachisha sigara vya Uingereza mtu hupewa kifaa kidogo chenye kipande cha mdomo. Huvuta hewa, huizuia kwa sekunde 15, kisha hupuliza polepole mpaka mwisho, na kioo kikaonyesha kiasi cha kaboni monoksidi. Wiki ya kwanza namba inaweza kuwa 20 au zaidi; akiwa ameacha kweli, wiki inayofuata ameshuka chini ya 10. Kwa mzamiaji sekunde 15 si kitu. Lakini kuiona kwa macho gesi iliyokuwa ikimla pumzi imeondoka kunampa mtu nguvu ambayo maneno hayawezi kumpa.

Arosto na dawa yake

Nikotini ya sigara hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20, na kasi hiyo ndiyo inayoifanya imshike mtu. Kisha hupungua: kila saa mbili hivi, nusu ya iliyomo mwilini huondoka. Ikipungua, arosto huingia: hasira za karibu, kukosa utulivu, kushindwa kuzingatia jambo, njaa, usingizi wa mang'amung'amu. Hali huwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu, halafu hulegea taratibu kwa muda wa wiki mbili hadi nne.

Pwani yetu inalielewa somo hili kwa uchungu. Heroini ilipoziharibu nyumba za Malindi, Mombasa na Lamu, kilicholeta tofauti ni methadoni, iliyoanza kutolewa Malindi mwaka 2015: dawa inayokaa mahali pa ile inayoua, ikaituliza arosto wakati mtu anajenga upya maisha yake. Kuacha sigara kunafuata kanuni iyo hiyo. Vibandiko na chingamu za nikotini huupa mwili kiasi kidogo kwa mwendo wa polepole, bila moshi, bila lami, bila kaboni monoksidi, na huongeza nafasi ya kufaulu kwa kama nusu. Varenikilini, kidonge kinachokaa mahali ambapo nikotini hushika ubongoni, huiongeza zaidi ya maradufu. Saitisini, inayotokana na mbegu za mti, imetumika Bulgaria tangu 1964, na matibabu yake huchukua siku 25 tu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu uraibu wa tumbaku kwa watu wazima, likazipendekeza dawa hizo pamoja na bupropioni, zikiambatana na ushauri. Leza haimo katika orodha hiyo.

Wanaotumia chingamu ya nikotini wengi huikosea: huitafuna mfululizo, wakameza mate, wakapata kwikwi na kiungulia, kisha wakaitupa. Itafunwe polepole mpaka iwashe, halafu iwekwe shavuni itulie. Muwasho ukiisha, itafunwe tena. Mla mirungi hahitaji kufundishwa zaidi ya hapo. Shavu lake linaijua kazi hiyo.

Mirungi na kiberiti

Na hapo ndipo panapowashinda wengi. Kutoka Kismayo hadi Mombasa, sigara ina swahiba wake. Alasiri mirungi inafika, imefungwa kwa majani ya mgomba isinyauke. Watu hukaa, chai iko kwenye chupa, karanga na chingamu ziko katikati, mazungumzo yanapamba moto. Handasi, ule uchangamfu wa mirungi, ikipanda, mkono hutafuta sigara wenyewe. Mtu anayevuta tatu tangu asubuhi huvuta kumi kabla ya isha. Akiishiwa, kibanda kiko hatua chache, na huuziwa moja moja, kiberiti cha gesi kikining'inia kwa uzi mlangoni. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara zilizofunguliwa kutoka pakiti, lakini vibandani biashara hiyo haijakoma.

Hakuna mwanga wa sikioni unaoweza kumfuata mtu kwenye kikao hicho. Anayetaka kuacha sigara akabaki na mirungi kila alasiri amejipa kazi mara mbili. Ni afadhali aviache vyote viwili kwa pamoja, au angalau akiepuke kikao kwa mwezi mzima, mpaka arosto ipite. Na wenzake, kama wanamtakia heri, wasimwekee sigara mbele wala wasimcheke.

Tumbaku ya kutafuna nayo isisahauliwe. Wako akina mama na wazee ambao hawajawahi kuwasha sigara, lakini hawalali bila tumbaku mdomoni. Nikotini ni ileile, na saratani ya kinywa haimwulizi mtu kama alivuta au alitafuna.

Mlango uliokwisha kufunguliwa

Kisiwani ambako hakuna duka la dawa lenye vibandiko, kuna jambo moja ambalo wavutaji Waislamu hulifanya kila mwaka bila mashine wala malipo. Mwezi wa Ramadhani hawavuti tangu alfajiri hadi magharibi. Chovae iko karibu na ikweta. Saumu yake ni ya saa 13 hivi. Kwa kuwa nusu ya nikotini huondoka kila saa mbili, magharibi inapoadhiniwa mwilini hubaki kama sehemu moja ya mia ya ile iliyokuwepo alfajiri. Mvutaji huyo ameshavuka nusu ya siku ya kwanza ya kuacha, na ameivuka akiwa na njaa na kiu juu yake.

Tatizo ni sigara ya baada ya futari. Inamrudisha nyuma, na kesho yake anaanza tena upya. Kwa siku 29 au 30 anaonja uchungu wa mwanzo wa kuacha, na hata mara moja haufikii wepesi unaokuja baadaye. Kama sigara ile moja ya baada ya kufuturu haikuwashwa, siku ya kwanza inaunganika na ya pili, ya pili na ya tatu, na Idi inamkuta ameshapita pabaya. Maulamaa wengi wa zama hizi wameiharamisha tumbaku. Katika Misri, Mufti Nasr Farid Wasil alitoa fatwa hiyo wakati wa uongozi wake. Maneno hayo yana uzito kwa mwenye kuyasikiliza, lakini imamu atamsaidia mtu zaidi akimpangia na mwenzake wa kufuturu naye, wa kusali naye tarawehe na kurudi naye nyumbani bila kupitia kijiweni.

Aliye Uingereza ana wepesi zaidi: aende kwa mfamasia au daktari wake, aombe huduma ya kuacha sigara. Dawa zinapatikana, saitisini ikiwemo tangu 2024, na kipimo cha pumzi kipo. Aliye Kenya anaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na kuulizia vibandiko au chingamu katika maduka makubwa ya dawa. Kijana aliyekuwa tayari kumlipia babake leza azitumie fedha hizo kununua vibandiko vya wiki 8 hadi 12 na kumtumia kwa msafiri anayerudi, na ampigie simu kila jioni katika siku kumi za mwanzo. Simu hiyo ni sehemu ya dawa.

Na aliyekwisha kujaribu akashindwa ajue kwamba walioacha wengi walishindwa kabla ya kufaulu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Atazame alirudia wapi, saa ngapi, na akiwa na nani. Mpango wa safari ijayo uanzie hapo.

Wako wanaosema umri umekwenda na kuacha hakuna faida tena. Utafiti wa madaktari wa Uingereza ulioanza 1951 uliwafuatilia wavutaji na wasiovuta kwa miaka 50, na Richard Doll na wenzake wakatoa hesabu yake mwaka 2004. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alijipatia miaka kama 10 zaidi ya kuishi kuliko aliyeendelea. Wa miaka 40 alipata 9, wa 50 alipata 6, na wa 60 alipata 3. Kwa hiyo hata nahodha wa miaka 60 anayeona muda wake umekwisha bado ana miaka mitatu anayoweza kuipata, na akianza kesho hahitaji kumlipa mtu wa leza hata senti moja.